"Nyumba Haijakwisha": Udhuru Ufungao Mlango

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, kuna neno moja limeenea siku hizi katika vinywa vya Waislamu wakaao mbali na kwao. Ni jepesi kulitamka, na ni zito mbele ya Mwenyezi Mungu. Neno lenyewe ni hili: "Nyumba haijakwisha." Mama ataka kumzuru mwanawe, huambiwa nyumba haijakwisha. Ndugu yuko safarini, ataka kupumzika siku mbili kwa nduguye. Huambiwa asubiri, nyumba haijakwisha. Rafiki wa utotoni apita njiani, huambiwa, "Lau ungalikuja mwakani! Hivi sasa natengeneza nyumba." Na mwakani ukifika, dari haijawekwa. Dari ikiwekwa, rangi haijapakwa. Rangi ikipakwa, viti havijaja. Basi nyumba huwa haiishi, na kinachokwisha ni umri wa watu.

Nasema wazi katika makala haya kwamba neno hili, kwa namna litumiwavyo leo, si udhuru wa kisheria. Ni kiburi kilichovaa kanzu ya haya. Na ili nisimdhulumu mtu, nitasema pia kwamba wageni nao wana fungu lao la lawama, wala fungu hilo si dogo.

NYUMBA KUUKUU KATIKA NCHI YA DHAHABU

Naandika haya nikiwa Kharumwa. Wengi wenu mlioko Tanga, Pangani, Unguja, Mombasa na Lamu huenda hamjapata kulisikia jina hili. Kharumwa ni makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale, mkoa wa Geita, kusini ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Geita, nayo Geita ilikuwa katika mkoa wa Mwanza, hata ulipoundwa mkoa mpya mwaka 2012. Hii ni nchi ya mpunga, mahindi, pamba na ng'ombe, na chini ya hayo yote pana dhahabu. Dhahabu ya Geita imejulikana tangu zama za Wajerumani. Mgodi mkubwa uliopo sasa huko Geita ulianza kazi mwaka 2000, na upande wa Kahama uko mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, na maduara yao, na makarasha yao ya kusagia mawe.

Dhahabu huvuta watu, na watu huvuta biashara. Kwa hiyo utawakuta huku watu wa pwani: huyu ana duka la vitambaa, yule ana mgahawa, mwingine auza vipuri vya pikipiki, na mwingine, kama mimi, asomesha watoto Qur'ani. Mtu wa pwani akifika hupanga chumba. Akipata kidogo hununua nyumba kuukuu: kuta za tofali mbichi zilizokandikwa kwa udongo wa kichuguu, bati zimeshika kutu, kenchi zimeliwa na mchwa, na sakafu ni udongo mtupu. Kisha huanza kuitengeneza pole pole, mwaka huu ukuta, mwaka ujao bati, kwa kadiri riziki ijavyo. Katika hilo hapana aibu yoyote. Ni jambo la kusifiwa. Aibu huanza siku ile jamaa zake wanapompigia simu kumwambia kwamba wataka kuja kumwona.

Na msidhani kwamba maradhi haya ni ya Kharumwa peke yake. Aliyeko Maskati husema hivyo hivyo, na aliyeko London au Toronto husema hivyo hivyo. Nimeishika Kharumwa kwa kuwa ndiko nikaako, na kwa kuwa ugonjwa huu ulinishika mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Sitaki kuwasema watu nikajiacha. Nilipokuja kusomesha huku nilinunua nyumba ya namna hiyo niliyoieleza, ya vyumba vitatu. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alikuwa Pangani. Akaniletea salamu kwamba ataka kuja kukaa nami mwezi wa Shaabani, kisha tufunge Ramadhani pamoja kama tulivyokuwa tukifunga utotoni. Nikamjibu: "Dada, ngoja kwanza niweke dari, kwani jua likipiga bati chumba huwa tanuri, na vumbi la kenchi laangukia kitandani."

Maneno yale yalikuwa kweli. Joto lilikuwapo na vumbi lilikuwapo. Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimejisifu kwake mara nyingi katika simu kwamba sasa "nina nyumba", nikaona haya aje aione nyumba yenyewe. Akangoja. Mwaka wa pili nikamwambia amngoje fundi wa sakafu. Mwaka wa tatu akapatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukalala, na safari ya siku mbili kwa basi ikawa haimkiniki tena. Sasa mimi ndiye niendaye kwake. Chumba kile kina dari, kina sakafu ya saruji, kina kitanda na chandarua. Nimeweka ndani yake magunia ya mpunga.

Nilipokwenda kumtazama mara ya kwanza baada ya ugonjwa ule hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa ulimi mzito, "Dari imekwisha?" Nikamwambia imekwisha. Akasema, "Alhamdulillahi," akafumba macho. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kuyaandika haya, na nimeyachelewesha kwa ile ile tabia ya kungoja jambo likamilike.

TUMTAZAME MTUME (S.A.W.)

Ndugu msomaji, tusiulizane desturi za watu. Tumtazame Mtume wetu. Alipofika Madina katika Hijra hakuwa na nyumba. Alifikia kwa Abu Ayyub al-Ansari, akakaa kwake muda unaosimuliwa kuwa ni miezi saba hivi, na muda wote huo ujenzi ulikuwa ukiendelea: msikiti unajengwa, vyumba vya wakeze vinajengwa, na Mtume mwenyewe achukua matofali pamoja na sahaba zake. Ilikuwa ni kazi, vumbi na udongo.

Na nyumba ya Abu Ayyub ilikuwaje? Ilikuwa na ghorofa, na Mtume alichagua kukaa chini ili iwe rahisi kwa watu wanaomjia. Wasimulizi wametueleza kwamba usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika huko juu. Abu Ayyub na mkewe wakaruka, wakayakausha maji yale kwa guo lao la kujifunikia, wala hawakuwa na jingine, wakichelea yasije yakamdondokea Mtume wa Mwenyezi Mungu. Tazama basi! Nyumba ya kwanza aliyokaa Mtume katika Madina ilikuwa na dari ya kupitisha maji, na wenyewe walikuwa na guo moja. Abu Ayyub hakumwambia, "Nenda kwa mwingine, nitakuita nikiisha kuitengeneza sakafu ya juu." Lau angalisema hivyo, fadhila ile ingalikuwa ya mtu mwingine, na jina lake tusingalilitaja leo.

Kisha tazama kisa cha pili, nacho kimo katika Sura ya Kahf, ambayo wengi wetu twaisoma kila Ijumaa na akili zetu ziko sokoni. Nabii Musa na yule mja mwema, Khidhri, walifika katika mji mmoja, wakawaomba wenyeji chakula, na wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Humo wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka. Khidhri akausimamisha, tena bila ya ujira. Nabii Musa akastaajabu: watu wametunyima chakula, nawe wawatengenezea ukuta bure? Akaelezwa kwamba ukuta ule ulikuwa wa watoto wawili mayatima, na chini yake palikuwa na hazina yao.

Wanavyuoni wametoa mafunzo mengi katika kisa hiki. Nami nataka ulichukue moja, wewe mwenye nyumba kuukuu. Watu wa mji ule walikuwa na ukuta mbovu, na Mwenyezi Mungu akawaletea wageni wawili, na mmoja wao alikuwa na mkono wa kuusimamisha. Wakafunga milango. Je, wewe wajua ni nani uliyemwambia asubiri mwakani? Pengine ni mjomba aliyekuwa fundi seremala ujanani mwake, ambaye angaliziona kenchi zako akakwambia ipi ya kutoa na ipi ya kuacha. Pengine ni shangazi, ambaye dua yake usiku mmoja katika chumba kisicho na dari ingalikufaa kuliko mifuko ishirini ya saruji. Sisi hapa Kharumwa twaishi juu ya hazina, tena twazichimba. Lakini hazina nyingine huja kwa miguu, na kubisha mlango, na sisi ndio tunaozirudisha.

Na kisa cha tatu ni cha Salman al-Farisi, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie. Alijiwa na mgeni, akamwekea mkate na chumvi, akamwambia kwamba lau Mtume asingalitukataza kujikalifisha kwa ajili ya wageni, angalijikalifisha kwa ajili yake. Mgeni akatamani majani ya kukoleza chumvi ile. Salman hakuwa na fedha. Akaweka rehani chombo chake cha kutawadhia, akayaleta majani. Mgeni alipokwisha kula akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemkinaisha kwa alichomruzuku. Salman akamjibu kwamba lau angalikinai, chombo kile kisingalikuwa rehani.

Kisa hiki chawapiga wote wawili, mwenyeji na mgeni. Mwenyeji ajue kwamba mkate na chumvi vyatosha. Mgeni ajue kwamba kila akitakacho zaidi ya hapo, kuna chombo cha mtu kinachokwenda rehani.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Najua yatakayosemwa. Tuyachukue moja moja.

Wa kwanza atasema: "Naona haya. Jamaa zangu wakiiona nyumba hii watanisema." Jawabu: Haya ni katika imani, lakini haya ya kisheria ni kuona haya kumwasi Mwenyezi Mungu na kuona haya kuwavunjia watu heshima. Kumzuia mama yako asije ili asione ukuta wako si haya. Ni kuipenda sifa ya nyumba kuliko kumpenda mama. Waangalie jirani zetu Wasukuma. Umwendee mkulima katika nyumba yake ya udongo, bila ya miadi, na kwanza atakuletea kigoda ukae, kisha maziwa ya mgando au viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, yale matobolwa yao. Hakuombi radhi kwa sababu ya ukuta, wala hakuelezi bati atakazonunua. Wengi wao si Waislamu, na katika jambo hili wametushinda. Sisi tulioletewa Mtume wa ukarimu twamwonesha mgeni nyumba katika picha za simu, tena upande uliopigwa lipu tu.

Wa pili atasema: "Milango imeng'olewa, vyumba viko wazi. Nitawalazaje wanaume na wanawake pamoja?" Jawabu: Hii ni hoja yenye uzito, wala siipuuzi. Sheria imeilinda faragha ya nyumba hata ikaamrisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia; na mwenye nyumba akisema rudini, Qur'ani katika Sura ya Nur imetufundisha kwamba kurudi ndio usafi kwetu. Basi mwenye nyumba ana haki ya kusema, "Leo haiwezekani." Lakini vyumba vya Mtume vilikuwa na pazia mlangoni. Pazia la kanga mbili lamsitiri mtu sawasawa na mlango wa mninga. Wanawake walale chumba kimoja, wanaume walale barazani, au kwa jirani, au waombewe nafasi katika nyumba ya msikiti. Kwa watu wenye nia, jambo hili hutengenezwa kwa saa moja.

Wa tatu atasema: "Nyumba yangu ni mbovu, naogopa isimwangukie mgeni." Jawabu: Ikiwa wasema kweli, basi huu ndio udhuru, na ni wajibu kuutumia. Msichukulie jambo hili kwa wepesi. Mwezi wa Machi mwaka 2015 ilinyesha mvua kubwa ya mawe usiku katika kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, si mbali na huku. Nyumba za udongo zikaanguka juu ya watu wamelala, wakafa watu wapatao 40. Ukuta wa tofali mbichi ukinywa maji kwa chini haungoji asubuhi. Walakini nakuuliza, ewe usemaye hivi: usiku wa leo, ni nani alalaye chini ya ukuta huo? Ikiwa mkeo na watoto wako wamo humo, basi si roho ya mgeni unayoihofia. Ungaliogopa kweli, ungaliwatoa kwanza watoto. Nenda ukauegemeze ukuta huo kwa magogo leo, uchimbe mfereji wa kuondoa maji, uwahamishe watu. Na shughuli za rangi na dari uziache kabisa mpaka hayo yatimie. Kwani nimewaona kwa macho yangu watu waliopaka rangi juu ya ufa.

Wa nne atasema: "Sina uwezo. Wageni wataka kuku, wataka pilau, wataka soda." Jawabu: Mtume ametufundisha kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu, na cha watatu chawatosha wanne. Hakusema kwamba chakula hicho kiwe pilau. Na hapa nataka kuwaonya hasa vijana. Yuko kijana nimjuaye, aliyesikia kwamba wakweze watakuja. Akaona haiwezekani waikute sebule bila ya dari ya jipsamu na seti ya viti. Akachukua ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita "kausha damu". Wakwe wakaja, wakakaa siku nne, wakasifu, wakaenda zao. Baada ya miezi miwili viti vilichukuliwa na mwenye kukopesha, kisha pikipiki, kisha duka likafungwa. Amekula riba, na riba ni vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ili watu walale siku nne chini ya dari nyeupe. Je, huu ni ukarimu? Huu ni riya na israfu, na mlango wake ni ule ule mmoja na wa yule aliyewakataza wageni wasije. Wote wawili wameufanya ugeni kuwa maonesho ya nyumba. Mmoja amefunga maonesho, na mwingine ameyakopea.

NA NINYI WAGENI

Sasa nawageukia ninyi mlioko pwani, kwani nusu ya kosa hili ni lenu.

Kwanza, jueni kwamba anayekaa katika nchi ya dhahabu hakai juu ya dhahabu. Mwenye duara hutoa gharama za kuchimba, za magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke, na za chakula cha wachimbaji. Huweza kuchimba miezi mingi asipate kitu. Akipata mawe, kuna fungu la wachimbaji, kuna fungu la mwenye karasha, na kuna deni la dukani. Muuza duka naye humkopesha mchimbaji, na mchimbaji huhama usiku. Lakini ninyi mkisikia tu "yuko Geita" hupiga hesabu, mkaja na orodha: huyu ataka ada ya shule, yule ataka mtaji, na bibi harusi ataka pete. Mkirudi mikono mitupu, mwasema, "Amekuwa mchoyo, tena nyumba yenyewe ni ya udongo." Neno hili likimfikia, atawafungulia mlango mara ya pili? Ninyi ndio mliomfundisha kusema nyumba haijakwisha.

Pili, Mtume ameuwekea ugeni mpaka. Mgeni hukirimiwa vizuri mchana mmoja na usiku wake, na ugeni ni siku tatu, na baada ya hapo ni sadaka. Wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhambini, kwa maana akakosa cha kumpa, akaanza kusema uongo, kununa na kusengenya. Na katika Sura ya Ahzab waumini wamefundishwa hata katika nyumba ya Mtume kwamba wakiisha kula watawanyike, wasiketi kwa mazungumzo, kwani Mtume alikuwa akiudhika na akiona haya kuwaambia. Ikiwa Mtume aliona haya kusema, je, huyo mpwa wako?

Tatu, wahenga wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba inayotengenezwa, sioni kwa nini jembe lingoje siku ya tatu. Wewe uliyekwenda kumzuru nduguyo ukamkuta akanda udongo, kunja kanzu yako. Mpe fundi maji. Shika ngazi. Chambua misumari iliyopinda uinyoshe. Khidhri alisimamisha ukuta wa watu waliomnyima chakula. Wewe umelishwa na kulazwa, na huwezi kubeba ndoo moja ya mchanga?

Na nne, mkumbukeni mwanamke wa nyumba hiyo. Mwanamume akisema "karibuni" hukaa barazani akazungumza. Mkewe ndiye apikaye jiko halina paa, kuni zimelowa, vumbi la saruji laingia katika sufuria, na maji yachukuliwa mbali. Nimesikia waume wakijisifu kwa ukarimu ambao haukuwatoa hata jasho. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani mwake. Basi ewe mwenye kukaribisha, chota maji. Nanyi mabibi mliokuja kutembea, ingieni jikoni siku ya kwanza, msingoje kuitwa.

WAZEE WETU WALIJENGA VIPI

Mtu wa pwani akinambia kwamba mgeni huja baada ya nyumba kukamilika, namwambia kwamba hakuijua nyumba ya babu zake. Itazame nyumba ya mawe ya Lamu. Kabla hujaingia kwa wenyewe, kuna baraza pande mbili za mlango kwa mpita njia. Na kuna chumba cha mgeni, chenyewe chaitwa sabule, kilichowekwa ili mgeni asiwaudhi wenyewe wala wenyewe wasimwudhi mgeni. Nyumba iliuhesabu ugeni tangu msingi. Ibn Battuta alipozuru pwani hii mwaka 1331 alieleza jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakishuka Makadisho na kila mmoja wao akichukuliwa na mwenyeji wa nyumba, na alimsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu wake. Na katika karne ya 19, babu zetu walipotoka Bagamoyo na misafara kwenda Tabora na Ujiji, walilala katika vijiji vya bara. Hawakuambiwa kwamba nyumba hazijakwisha.

Leo hali imekuwaje? Tangu miaka ya 1970 nyumba nyingi za kale za Lamu na Shela zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya, zikatengenezwa vizuri sana, kwa chokaa na boriti kama zamani. Siwalaumu, wamenunua kwa fedha zao, na pengine wamezihifadhi kuliko tulivyozihifadhi sisi. Lakini jambo moja lanichoma. Sabule iliyojengwa kwa ajili ya mgeni wa Mwenyezi Mungu, sasa hulala anayelipa kwa usiku. Na wajukuu wa waliozijenga wako bara na Uarabuni na Ulaya, katika nyumba kuukuu za watu wengine, wakiwaambia mama zao wasije.

LA KUFANYA

Nisiwaache na lawama tupu. Mwenye kutengeneza nyumba kuukuu ugenini na afuate taratibu hii, nami nimeijua baada ya kukosea.

Aanze na kuta zenye khatari, kwani roho ni amana. Kisha choo, kwani hakuna mgeni wala mwenyeji anayeweza kukaa bila ya choo safi chenye sitara. Kisha chumba kimoja, kimoja tu, akiezeke vizuri kisivuje na akitie mlango au pazia nzito. Aweke mkeka, godoro na chandarua, kwani huku mbu ni wengi na malaria haichagui mgeni. Mtume ametutajia malazi manne: la mume, la mke, la tatu la mgeni, na la nne akalihusisha na shetani. Angalia kwamba la mgeni limetajwa katika haja, na la fahari limepewa mwenyewe.

Hayo yakiwa tayari, basi nyumba imekwisha kwa hukumu ya ukarimu, hata kama kwa hukumu ya fundi bado miaka mitano. Hapo na awaite jamaa zake, na awaambie ukweli kabla hawajatoka kwao: "Nyumba ni ya udongo, joto ni kali mchana, maji twachota, na fundi atakuwa akigonga asubuhi. Njooni." Mgeni aliyeambiwa ukweli huja na moyo ulio tayari. Na asiyetaka kuja kwa maneno hayo, alikuwa akija kwa ajili ya nyumba.

Nanyi mama zetu na dada zetu mlioko pwani, mkiambiwa nyumba haijakwisha, msikubali upesi. Jibuni: "Nakuja, nitalala chini." Dada yangu alikuwa na adabu mno, akangoja. Natamani asingalikuwa na adabu ile.

Na wewe uliyeko ugenini, ambaye sasa hivi umemkumbuka mtu uliyemwambia asubiri, usimalize siku bila ya kumpigia simu. Usimwambie habari za dari.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa milango tuliyoifunga, na utufungulie Wewe mlango wako siku ambayo hatutakuwa na nyumba. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utuunganishie udugu wetu kabla ya umri kukatika. Amin.

Wabillahi tawfiq.